UZITO WA MZIGO SI UBORA WA MALISHO

Mazungumzo kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa kuhusu majaribio ya shambani ya kuongeza mavuno na ubora wa majani ya mifugo

Wafugaji wa Unguja na Pemba, mabwana shamba na mabibi shamba, masheha pamoja na wanachama wa vikundi vya ushirika wanaarifiwa kwamba mazungumzo haya yanachapishwa kwa ukamilifu ili yaweze kusomwa na kujadiliwa katika mikutano ya wafugaji.

Ndugu wafugaji,

Kati ya mwaka 1994 na mwaka 1997 ilifanyika katika kisiwa cha Unguja kazi kubwa ya kuwaangamiza mbung'o. Madume ya mbung'o yalizalishwa Tanga, yakafanywa tasa kwa mionzi, kisha yakaachiwa kwa ndege juu ya misitu na vichaka vya kisiwa kizima. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa mwezi wa Septemba 1996. Kwa kazi hiyo ugonjwa wa nagana, ambao kwa miaka mingi ulikuwa ukiwadhoofisha na kuwaua ng'ombe, uliondolewa katika orodha ya vizuizi vya ufugaji wa Unguja.

Lakini adui mmoja akiondoka, huonekana aliyekuwa nyuma yake. Ng'ombe aliyeokolewa na mbung'o hana budi kula. Katika visiwa ambavyo ardhi yake ni ndogo, ambapo familia nyingi zinaishi na kulima katika eka tatu walizogaiwa wazee wao baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, au katika kipande kilicho kidogo kuliko hicho, kila ngwe ya majani hugombea nafasi na muhogo, migomba na viazi. Kwa hivyo suala la malisho si suala la ng'ombe peke yake. Ni suala la namna familia itakavyoitumia ardhi yake chache bila ya kujinyima chakula.

Mazungumzo haya yanaeleza mambo ambayo majaribio ya shambani yameyathibitisha juu ya majani ya kulishia mifugo, hasa mabingobingo, na namna mfugaji mwenyewe anavyoweza kufanya jaribio dogo katika shamba lake.

1. Mahitaji ya ng'ombe mmoja

Ng'ombe chotara wa maziwa mwenye uzito wa kilo 360 hivi huhitaji kwa siku chakula kikavu kisichopungua takriban asilimia 3 ya uzito wake, yaani karibu kilo 11. Neno "kikavu" hapa lina maana ya chakula baada ya kuondolewa maji yote. Mabingobingo mabichi huwa na maji mengi mno: katika kila kilo 100 zilizokatwa, kilo 80 au zaidi ni maji. Kwa hivyo, ili ng'ombe apate kilo 11 za chakula kikavu, anahitaji kuletewa takriban kilo 60 za majani mabichi kila siku.

Kwa mwaka mzima, kilo 11 kwa siku ni kiasi cha tani 4 za majani makavu. Ndiyo sababu wataalamu wamekuwa wakishauri kwamba ng'ombe mmoja atengewe takriban eka moja ya majani yaliyotunzwa vyema. Eka hiyo ikitoa tani 2 badala ya 4, nusu ya mwaka mfugaji atakuwa njiani na baiskeli yake, akitafuta majani pembezoni mwa barabara na katika mashamba ya wenziwe. Kazi hiyo mara nyingi huwaangukia akina mama, na watoto waliokwisha rudi skuli.

Hata hivyo, tani 4 peke yake hazimalizi hesabu. Ng'ombe anaweza kujazwa tumbo na bado akashinda na njaa.

2. Uzito na ubora haviendi pamoja

Mabingobingo yanapochipua huwa ni majani matupu. Kadiri siku zinavyokwenda, bua hurefuka na kukomaa, nyuzinyuzi zake hugeuka kuwa ngumu, na sehemu ya protini hupungua. Mzigo unakuwa mzito, lakini chakula kilichomo ndani yake kinazidi kuwa duni. Majani yaliyokatwa yakiwa na wiki sita hadi nane wakati wa mvua huwa na protini ya takriban asilimia 8 hadi 10 ya uzito mkavu. Yakiachwa kufikia wiki kumi na mbili au zaidi, hushuka sana.

Kushuka huko kuna mpaka wake. Katika tumbo kubwa la ng'ombe mnaishi vijidudu vingi visivyoonekana kwa macho, ambavyo ndivyo vinavyoyavunja majani na kuyafanya yawe chakula. Vijidudu hivyo navyo vinahitaji protini ili viishi. Protini ya malisho ikishuka chini ya takriban asilimia 7, vijidudu hupungua nguvu, majani hukaa tumboni muda mrefu bila ya kuvunjika, na ng'ombe huacha kula ingawa hori limejaa. Mfugaji humwona amesimama mbele ya majani na kudhani kwamba anaumwa au ana kiburi. Kwa kweli, tumbo lake limekwama.

Ichukuliwe hesabu ifuatayo kuwa ni mfano wa kulifafanua jambo hili. Viwanja viwili vya ukubwa mmoja vimepandwa mabingobingo. Kiwanja cha kwanza kinakatwa kila baada ya wiki sita, cha pili kinakatwa mara moja tu baada ya wiki kumi na mbili. Katika wiki hizo kumi na mbili, kiwanja cha kwanza kimetoa kilo 64 za majani mabichi kwa mikato miwili, na cha pili kimetoa kilo 62 kwa mkato mmoja. Kwa macho, viwanja vimelingana. Baada ya kukausha, cha kwanza kina kilo 10 na robo za majani makavu, na cha pili kina kilo karibu 15, kwa sababu majani yaliyokomaa huwa na maji machache. Mfugaji anayepima uzito tu atakipa kiwanja cha pili ushindi mkubwa. Lakini ikiwa protini katika kiwanja cha kwanza ni asilimia 10 na katika cha pili ni asilimia 6, kiwanja cha kwanza kimetoa zaidi ya kilo moja ya protini, na cha pili hakikufikia gramu 900. Aidha, mabua ya kiwanja cha pili yataachwa horini kwa wingi na kutupwa nje.

Hapana budi pia kuonya dhidi ya upande wa pili. Mfugaji asije akadhani kwamba, kwa vile majani machanga ni bora, basi ayakate kila baada ya wiki tatu. Shina la mabingobingo huweka akiba ya chakula chake katika mizizi na katika kisiki kinachobaki juu ya ardhi. Likikatwa mara kwa mara kabla ya kuirejesha akiba hiyo, hudhoofika, machipukizi yake hupungua, magugu huingia na hatimaye shina hufa. Kukata chini kabisa hadi kugusa udongo kuna madhara hayo hayo. Kwa hivyo inashauriwa kwamba majani yakatwe yakiwa na urefu wa mita moja hivi, na kisiki kiachwe na urefu wa sentimita 10 hadi 15.

3. Jaribio la shambani ni nini

Huenda mtu akauliza: kwa nini mambo haya yahitaji majaribio, na wazee wamefuga tangu zamani kwa kuangalia tu? Jawabu ni kwamba jicho huona tofauti, lakini haliwezi kueleza sababu yake. Shamba moja huwa na sehemu yenye kivuli cha mnazi, sehemu iliyowahi kuwa zizi la zamani, na sehemu ya mteremko ambako mvua huchukua udongo. Mbegu mpya ikipandwa pale palipokuwa zizi, itastawi. Na mfugaji ataisifu mbegu ilhali sifa ni ya samadi ya miaka iliyopita.

Katika kituo cha utafiti cha Rothamsted, nchini Uingereza, jaribio la majani ya mifugo lilianzishwa mwaka 1856 na John Bennet Lawes na Joseph Henry Gilbert, na linaendelea hadi leo. Uwanda mmoja wa majani uligawiwa vipande, kila kipande kikapewa mbolea yake, na vingine vikaachwa bila ya kitu. Nia ya mwanzo ilikuwa ni kupima uzito wa majani makavu. Lakini baada ya miaka michache tu ilionekana kwamba mbolea haikuongeza uzito peke yake, bali ilibadilisha hata aina za mimea iliyoota. Palipotiwa mbolea ya naitrojeni kwa wingi, mimea ya jamii ya mikunde ilisongwa na majani marefu ikapungua. Palipotiwa fosfati na potashi bila ya naitrojeni, mikunde ilinawiri. Na pale ambapo salfeti ya amonia ilitiwa mwaka baada ya mwaka bila ya chokaa, udongo uligeuka kuwa mchachu na aina za mimea zikabaki chache mno.

Fundisho lake kwa mfugaji wa visiwani ni la moja kwa moja: anayepanda mikunde pamoja na mabingobingo kisha akamwaga naitrojeni nyingi ya dukani anaweza kuiua mikunde kwa mkono wake mwenyewe.

Katika kituo hicho hicho, kuanzia mwaka 1919, Ronald Fisher aliweka misingi ya kupanga majaribio ambayo inafuatwa ulimwenguni kote. Kwa ufupi misingi hiyo ni mitatu. Kwanza, kila jambo linalojaribiwa lirudiwe katika viwanja zaidi ya kimoja. Pili, viwanja vinavyofanana kwa udongo na mteremko viwekwe katika kundi moja. Tatu, kura ipigwe kuamua kiwanja gani kipewe nini, ili mtu asipeleke mbegu anayoipenda mahali penye rutuba, hata bila ya kukusudia.

4. Majaribio ya pwani: Mtwapa

Kwa upande wa pwani ya Afrika ya Mashariki, kazi iliyo karibu zaidi na hali ya Unguja na Pemba ni ile iliyofanyika katika kituo cha utafiti cha Mtwapa, kaskazini kidogo ya Mombasa, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Huko nako kuna joto la pwani, mvua za misimu miwili, udongo wenye kichanga, na wafugaji wenye maeneo madogo.

Watafiti wa Mtwapa walijaribu mambo matatu. La kwanza lilikuwa ni kupanda mabingobingo kati ya mistari ya miti ya lusina. La pili lilikuwa ni kuyachanganya na klitoria, mkunde utambaao wenye maua ya buluu. La tatu lilikuwa ni kuyarudishia shambani tope la samadi na mkojo kutoka bandani. Matokeo yalionyesha kwamba tope la samadi liliongeza sana mavuno ya mabingobingo, na kwamba mikunde iliongeza protini katika jumla ya malisho yaliyovunwa. Katika majaribio ya kulisha, ng'ombe chotara waliopewa mabingobingo pamoja na majani ya lusina walikula zaidi na kutoa maziwa mengi zaidi kuliko wale waliopewa mabingobingo peke yake.

Sababu yake ni ile iliyokwisha elezwa. Majani ya lusina huwa na protini zaidi ya asilimia 20. Kiasi kidogo chake huwapa vijidudu vya tumboni kile walichokikosa, na mabingobingo yaliyokuwa yamekwama huanza kuvunjika. Mti wa mikunde, kwa vile mizizi yake huenda chini sana, hubaki na majani mabichi hata wakati wa Kaskazi, pale mabingobingo yanapogeuka rangi.

Hata hivyo, lusina nayo ilileta mafunzo mawili ya tahadhari.

Fundisho la kwanza lilikuja mwaka 1992, pale mdudu mdogo anayefyonza machipukizi ya lusina alipoingia pwani ya Afrika ya Mashariki. Miti iliyokuwa imestawi ilipukutika majani, na mfugaji aliyekuwa ameitegemea peke yake alijikuta mikono mitupu. Kwa hivyo watafiti wa pwani waliendelea na mimea mingine, kama vile glirisidia, klitoria na mukuna. Glirisidia huota upesi kwa vijiti na inafaa kwa ua. Ng'ombe asiyeizoea huikataa kwa harufu yake. Majani yakiachwa yanyauke kwa saa kadhaa kabla ya kulishwa, huipokea.

Fundisho la pili linahusu sumu. Lusina ina kitu kiitwacho mimosini, ambacho kikizidi humfanya mnyama anyonyoke nywele, akose hamu ya kula na avimbe tezi la shingo. Huko Australia ng'ombe walidhurika kwa lusina, ilhali katika visiwa vya Hawaii wanyama waliila bila ya dhara. Mtafiti Raymond Jones alitambua kwamba tofauti haikuwa katika mti bali katika tumbo: wanyama wa Hawaii walikuwa na bakteria wenye uwezo wa kuivunja sumu hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 bakteria hao walichukuliwa kwa mbuzi wa Hawaii, wakapelekwa Australia, na ng'ombe wa huko wakaanza kuila lusina kwa salama. Mfugaji ambaye hana hakika na hali ya ng'ombe wake anashauriwa asizidishe lusina kuliko theluthi moja ya chakula cha siku, na aanze kwa kiasi kidogo.

Mambo haya mawili yanathibitisha kwamba matokeo ya jaribio hayasafiri peke yake. Kilichofaa Mtwapa kinaweza kufaa Kizimbani na kisifae Makunduchi, ambako udongo wa maweni ni kina kidogo juu ya jiwe. Kilichofaa katika kinongo cha magharibi ya Unguja kitahitaji kujaribiwa upya katika vilima vya Pemba.

5. Deni la udongo

Ndugu wafugaji, jambo linalosahauliwa kuliko yote katika kilimo cha majani ni kwamba majani nayo ni mavuno, na kila mzigo unaotoka shambani unaondoka na rutuba.

Ile eka moja iliyotoa tani 4 za majani makavu, yenye protini ya asilimia 8, imetoa kilo 320 za protini. Ndani ya protini hiyo mna takriban kilo 51 za naitrojeni. Ili kuirejesha kwa mbolea ya urea, mfugaji angehitaji kununua zaidi ya magunia mawili ya kilo 50 kila mwaka, kwa eka moja tu, na bado hajahesabu fosfati na potashi. Asiyerudisha chochote ataona mavuno mazuri katika mwaka wa kwanza na wa pili, kisha mashina yataanza kuwa membamba na rangi ya majani kufifia. Atasema mbegu imechoka. Mbegu haikuchoka, udongo umedaiwa na haukulipwa.

Sehemu kubwa ya naitrojeni hiyo haikupotea. Imo katika banda lake mwenyewe, katika samadi na hasa katika mkojo. Lakini mkojo ukiachwa kuchuruzika ovyo, au samadi ikirundikwa juani na kunyeshewa na mvua, naitrojeni hupanda hewani au huoshwa na maji. Kwa sababu hiyo inasisitizwa kwamba sakafu ya banda iwe na mteremko unaopeleka mkojo katika shimo moja, shimo lifunikwe lisipigwe na jua wala mvua, na tope lipelekwe katika mifereji kati ya mistari ya majani mara tu baada ya kukata, kisha lifukiwe kwa udongo. Kwa Pemba, mistari ya mabingobingo ikipandwa kwa kukinga mteremko hutoa faida ya pili, nayo ni kuuzuia udongo usiteremke na mvua za Masika.

6. Jaribio dogo la mfugaji

Mfugaji hana haja ya maabara ili kujua kilicho bora katika shamba lake. Anahitaji kamba, mizani ya kuning'iniza, daftari na subira. Utaratibu unaopendekezwa ni huu:

(a) Achague swali moja tu. Kwa mfano: je, kukata kila wiki sita ni bora kuliko kila wiki tisa? Au: je, tope la samadi linaongeza kiasi gani? Maswali mawili kwa pamoja huchanganya majibu.

(b) Apime viwanja vinne vyenye mita 5 kwa 5, viwili juu ya mteremko na viwili chini, mbali na vivuli. Katika kila jozi apige kura: kimoja kipewe jambo jipya, kimoja kibaki na desturi ya zamani.

(c) Wakati wa kupima, aache nje mistari ya pembeni, kwa sababu hupata mwangaza na nafasi zaidi, na akate eneo la kati lenye mita 3 kwa 3. Mzigo upimwe papo hapo kabla ya kunyauka.

(d) Achukue kilo moja ya majani hayo, aikatekate na kuianika mahali penye jua na upepo, salama na mvua na kuku, mpaka uzito wake usipungue tena kwa siku mbili mfululizo. Kipimo hiki hakilingani na cha tanuri la maabara, lakini kwa kulinganisha viwanja kinatosha.

(e) Apime pia masazo ya horini kila asubuhi. Majani yaliyoachwa na ng'ombe hayakuwa chakula, hata kama yalikuwa na uzito mkubwa.

(f) Aandike tarehe, mvua na maziwa yaliyopatikana. Jaribio lipite angalau Masika moja na Kaskazi moja, kwa kuwa majani yanayoshinda wakati wa mvua huenda yakashindwa wakati wa ukame.

Faida itakuwa kubwa zaidi iwapo wafugaji watatu au wanne wa shehia moja watauliza swali moja kwa wakati mmoja. Matokeo yakifanana katika mashamba yote, yana uzito. Yakitofautiana, tofauti hiyo nayo ni elimu, na bwana shamba au bibi shamba aitwe ili kuitafuta sababu yake katika udongo.

7. Mpango wa mwaka

Wakati majaribio yakiendelea, kazi ya kila siku haisubiri. Mfugaji anashauriwa aligawe shamba lake la majani katika vipande sita na kukata kipande kimoja kila wiki. Kwa njia hiyo kila kipande hukatwa kikiwa na wiki sita, na ng'ombe hapati majani machanga mwezi huu na mabua mwezi ujao. Wakati wa ukame mzunguko urefushwe, na pengo lijazwe kwa majani ya miti ya mikunde.

Wakati wa Masika majani huzidi mahitaji, na ndipo kosa kubwa hufanyika: ziada huachwa shambani ikomae, kwa matumaini ya kuwa itakuwa akiba ya kiangazi. Akiba hiyo ni mabua. Ziada ikatwe kwa wakati wake na kuhifadhiwa. Majani mororo yanaweza kukaushwa siku za jua na kuwekwa penye paa. Mabingobingo yaliyokatwakatwa na kunyauka kidogo yanaweza kushindiliwa katika mapipa au mifuko mizito ya plastiki isiyopitisha hewa, pamoja na molasi kidogo, ili yawe saileji. Hewa ikibaki ndani, kazi yote huoza.

Mwisho, inatolewa tahadhari juu ya mbegu. Katika magharibi ya Kenya na nchini Uganda mabingobingo yamepatwa na ugonjwa wa kudumaa: baada ya kukatwa, shina hutoa vichipukizi vingi vidogo vya rangi ya manjano, visivyokua, na hatimaye hufa. Ugonjwa huenezwa na wadudu wadogo warukao, na pia na pingili zilizochukuliwa katika mashina yenye ugonjwa. Mfugaji asilete pingili kutoka Bara au nchi jirani kwa njia zake mwenyewe, bila ya ukaguzi wa idara ya kilimo. Pingili za kupanda, zenye macho matatu, zichukuliwe katika shamba linalojulikana kuwa lina afya. Shina lolote lenye dalili zilizotajwa ling'olewe na mizizi yake na lichomwe, na bwana shamba apewe taarifa.

Ndugu wafugaji, eka moja ya majani inaweza kumlisha ng'ombe mmoja mwaka mzima, au inaweza kumshibisha kwa miezi michache na kumwacha akonde miezi iliyobaki. Ardhi ni ile ile, mvua ni ile ile na mbegu ni ile ile. Linalozitenganisha ni siku ya kukata, kilichorudishwa katika udongo, na mkunde uliopandwa pembeni. Mambo hayo matatu yamo mikononi mwa mfugaji mwenyewe, na mizani yake ndiyo itakayomwonyesha.

Wafugaji wanaokusudia kuanzisha majaribio katika mashamba yao wanaombwa kuwaona mabwana shamba na mabibi shamba wa wilaya zao kabla ya kuanza kwa mvua, ili wapatiwe msaada wa kupima viwanja na kuandika kumbukumbu.